Kurasa Tatu Nilizoandika Juu ya Bunduki Yako

Baba mpendwa,

Shikamoo.

Nakuandikia nikiwa na akili timamu na bila kushurutishwa na mtu, nami natambua kwamba ulipokuwa hai hukuwahi kusoma barua yangu hata moja. Zote nilikusomea mwenyewe, isipokuwa ukurasa mmoja, nao nitaufikia. Ulikuwa ukisikiliza umeinamisha kichwa, kisha unauliza, "Imeisha?" Nikijibu ndiyo, unanyoosha kidole gumba nikupake wino. Imani hiyo ndiyo inayonilazimu leo kuandika mbele ya watu wote wa Idete, kwa kuwa jambo nitakalolieleza lilimchafua mtu hadharani, na si haki nilisafishe kwa siri.

Naomba kwanza nikukumbushe Jumamosi zetu. Baada ya chakula cha mchana ulitandika mkeka nyuma ya nyumba, upande wenye kivuli, ukaitoa bunduki sandukuni, ile ya marisau yenye mtutu mmoja uliyoimiliki kihalali tangu ulipoacha kazi ya kukata miwa. Kabla ya lolote uliikunja, ukachungulia mahali pa kuwekea risasi, kisha ukatia kidole humo humo ijapokuwa ulikwisha kuona kwamba hamna kitu. Nilipokuuliza sababu, ulisema jicho linaweza kuwa linawaza mambo mengine. Halafu ulitenganisha mtutu na kitako, ukavilaza mkekani kwa mpangilio ule ule wa siku zote.

Kazi yangu ilikuwa kuleta mafuta ya taa ndani ya kifuniko cha chupa, kichupa cha mafuta ya cherehani, na kipande cha kanga ya mama iliyochakaa. Ulikifunga kipande hicho kwenye ufito wa mwanzi, ukakisukuma kutoka nyuma kwenda mdomoni, na hukukubali kamwe kifanyike kinyume, uchafu usije ukaingia kwenye mitambo. Kitambaa kilitoka cheusi, kikageuzwa, kikatoka cha kijivu, mwisho kikatoka na maua yake ya kanga. Hapo ulinipa mtutu niuelekeze angani nichungulie. Nikisema naona mduara wa mwanga usio na doa, uliridhika. Nikisema naona doa, ulirudia kazi yote tangu mwanzo bila kuniuliza kama nina hakika.

Ulinifundisha kwamba bonde letu wakati wa masika linakula chuma. Mafuta yawe kidogo mno, kwa sababu yakizidi yanakusanya vumbi. Bunduki isifungwe kwenye nailoni, maana humo inatoa jasho, bali ifungwe kwenye blanketi kuukuu, na mdomo uelekee chini ili mafuta yasiteremke yakaozesha mbao za kitako. Ukanionyesha pia wale nyigu wanaojenga kwa udongo, ambao wakiachiwa siku chache wanaweza kuuziba mtutu, na mtu akifyatua bila kuangalia, ukampasukia usoni. Mengi niliyoyajua baadaye niliyapata kwa kusoma barua za watu wengine. Haya niliyapata kwako.

Uliipamba pia. Kwenye kitako ulibandika mpira uliokatwa kwenye tairi, kwa kuwa bega lako la kulia lilikwisha kuumizwa na miwa. Kidude cha kulengea shabaha mdomoni mwa mtutu kilipong'oka, ulipachika kichwa cha skrubu ya shaba, kikawa kinang'aa jua likikipiga. Mkanda wa kuvalia begani alikushonea Mzee Maduhu, rafiki yako Msukuma aliyekuja na ng'ombe wake akakaa upande wa kijiji cha Mbingu. Aliushona kwa ngozi ya fahali wake mwenyewe. Siku alipoufunga, alirudi nyuma hatua mbili akaitazama bunduki, akasema, "Mndamba, bunduki yako imevaa kuliko mkeo." Ukamjibu kwamba hata ng'ombe wake wanakula kuliko wanawe. Mama aliyewasikia kutoka jikoni alitangaza kwamba siku hiyo wazee wote wawili hawali. Wakati ule wakulima na wafugaji walikuwa wakifikishana kwa mtendaji wa kijiji kila wiki kwa sababu ya mifugo kuingia mashambani, nanyi mlikuwa mkila sahani moja.

Kisha ulianguka na baiskeli njiani, ukitoka Kisawasawa, mdomo wa mtutu ukagonga karavati ukapinda. Mzee Maduhu alikushauri ukaripoti kituo cha polisi kabla ya kuugusa. Ulimjibu kwamba mpunga umeshatoa masuke na nguruwe pori hawasubiri muhuri. Ukampelekea fundi, naye akaukata kwa upana wa vidole vinne, akaulainisha kwa tupa, akairudishia skrubu yako ya shaba mdomoni. Bunduki ikapiga vizuri kama zamani, nawe ukaendelea kuwalindia mashamba majirani wote wa ng'ambo ya mfereji. Waliojua habari ya kukatwa mtutu tulikuwa wanne: wewe, mimi, fundi na Mzee Maduhu.

Sasa naufikia ukurasa ule.

Muda wa kuhuisha leseni ulipowadia, uliniagiza maneno machache. "Andika bunduki ipo, ni nzima. Basi." Baba, fomu peke yake ingetosha. Lakini mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimeweka meza yangu karibu na soko la Ifakara, nikiandika barua na madai ya watu. Karani mmoja alikuwa amenisifu kwamba maandishi yangu yamenyooka kuliko ya waliosoma sekondari, nami niliyeishia darasa la saba nililibeba neno lile kama cheti. Niliona barua ya mstari mmoja ingetuaibisha. Nikaandika kurasa tatu, nikazipa kichwa: Maelezo Kamili Kuhusu Hali, Matunzo na Maboresho ya Silaha. Ukurasa wa kwanza nilieleza mafuta na kitambaa. Wa pili nilieleza mpira, skrubu na mkanda. Wa tatu niliandika hivi: "Aidha, mtutu umepunguzwa kwa upana wa vidole vinne ili kuuondolea kasoro, kazi ambayo ilitekelezwa kwa ustadi mkubwa."

Nilikusomea kurasa mbili. Ulicheka kidogo uliposikia mafuta ya cherehani yameingia kwenye barua ya serikali, ukasema inatosha, lete wino, nasi tukaipeleka kituoni pamoja na fomu.

Tulirudi kituoni baada ya wiki moja, mimi na wewe. Afisa alikuamkia kwa heshima, akaomba bunduki, akaupima mtutu kwa rula, akasema wana taarifa kwamba umekatwa bila kibali, kwa hiyo silaha inabaki. Ukamuuliza nani kasema. Akajibu kwamba taarifa ziko kwenye faili. Nilikuwa nimesimama kando yako, bega kwa bega, nami niliiona bahasha yangu ndani ya faili lile, na mwandiko wangu juu yake.

Tulishika njia mpaka tukakaribia nyumbani. Ndipo uliposema, "Ni Maduhu."

Nikakujibu, "Hatuna hakika, baba." Sentensi hiyo ilikuwa sahihi kila neno, nayo ilikuwa uongo, kwa sababu mimi hakika nilikuwa nayo.

Siku chache baadaye ulimkuta kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Watu walikuwa wengi. Ulimwambia amekuvua nguo, na kwamba asikanyage tena kwako, yeye wala ng'ombe wake. Nilitegemea angejitetea. Alikutazama, akanitazama mimi kwa muda mrefu kidogo, akasema, "Sawa, mzee mwenzangu." Akabeba gunia lake akaondoka.

Jumamosi iliyofuata ulitandika mkeka kama kawaida. Ukaniagiza mafuta ya taa, kitambaa na kichupa. Kisha ukaleta jembe na panga, ukavisugua na kuvipaka mafuta ya cherehani taratibu, ukavilaza sambamba. Ulipomaliza, mkono wako ulinyooka kunipa kitu cha kuchungulia, ukabaki hewani, ukaurudisha gotini. Ningeweza kusema wakati ule, na Jumamosi zote zilizofuata. Misimu miwili nguruwe walilala ndani ya mpunga wetu na wa majirani, na waliokuwa wakikupigia hodi alfajiri kukuomba ulinzi wakaacha kuja. Ulipougua hukupambana na ugonjwa. Mama alikusihi unywe uji, nawe ulimuuliza unywe ili ukafanye nini.

Siku ya mazishi Mzee Maduhu alikuja na wanawe wawili, wamevaa vizuri, wanaswaga ndama. Baba mdogo aliwazuia pale njia inapoingia kwetu, akawaambia marehemu aliacha agizo. Nilikuwa umbali wa hatua kumi, nimeshika risala ya maisha yako niliyokuwa nimeiandika usiku kucha. Niliinamisha macho nikajifanya naipitia. Walipogeuka kuondoka, mimi nilikuwa nasahihisha alama za mkato.

Baadaye nilikwenda kituoni kushughulikia habari ya bunduki yako kama sheria inavyotaka mwenye silaha anapofariki. Waliniruhusu kuitambua nikiwa mlangoni pa stoo. Ilikuwa imefungwa kwa kamba pamoja na magobole, mdomo juu, ina kikaratasi shingoni. Kutu ilikuwa imeanzia pale pale ilipopita tupa, ikateremka. Mfukoni nilikuwa na kichupa cha mafuta, sijui kwa nini. Nikaomba niipake mara moja tu.

"Kaka, hicho ni kielelezo," askari akasema kwa upole. "Hakiguswi."

Mwezi uliopita nilikwenda Mbingu. Nilimkuta Mzee Maduhu ameketi kando ya zizi, amezeeka. Nilimwamkia, nikamweleza yote nimesimama, nikianza na fomu na kuishia na risala.

"Nilijua," akasema.

Alinieleza kwamba wiki ile ile alikwenda kituoni kukuombea, na afisa akamwonyesha barua yangu. Yeye anajua kusoma. Alisoma kurasa zote tatu. "Umeandika vizuri sana," akaniambia, bila kejeli. Nikamuuliza kwa nini basi hakukwambia. Akasema, "Ningemwambia, mngeacha kusemezana, na mnalala nyumba moja. Mimi nina kwangu."

Nikapiga magoti nikamwomba msamaha. Alimsukuma ndama mmoja aliyesogelea lango la zizi. "Baba yako amekufa ananiona msaliti. Hilo mimi nikusamehe vipi? Kamwambie yeye."

Ndiyo maana naandika. Kesho asubuhi nitaibandika nakala ya barua hii kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji, na nyingine nitamkabidhi baba mdogo mkononi, ili kila aliyemgeuzia Mzee Maduhu kisogo ajue aligeuzwa na nani. Wewe nitakusomea pale ulipolala, kwa sauti, kurasa zote safari hii, nami najua hutauliza kama imeisha.

Kila barua niliyowahi kuandika ilikuwa na ofisi ya kuipokea na ombi la kuifunga. Kwa hii nimekaa na kalamu tangu asubuhi nikitafuta ombi, na silioni. Huwezi kunisamehe, na huwezi kumwita rafiki yako arudi kula. Hakuna ninachoomba. Nakuarifu tu.

Baba, hakuwa Maduhu. Nilikuwa mimi.

Kwaheri.

Mwanao wa kwanza,
uliyempa kidole gumba chako.