Kiti Chenye Sweta

Tarehe 6 Machi

Kwako mdogo wangu,

Pokea salamu zangu. Mimi ni mzima, mgongo tu ndio unanikumbusha umri kila nikiinuka kwenye cherehani, lakini nakula na nalala. Natumaini nawe u mzima huko karakana kwenu, na yale macho uliyosema yanawasha kwa moto wa kuchomelea yamepoa. Kama hayajapoa nenda ukaangaliwe, usiniletee ubishi wa kiume.

Mwanao ni mzima wa mwili. Anakula nikimwekea, anaoga bila kufukuzwa, na shuleni hawajaniita. Ila lile jina la Bi Maswali tulilompa wenyewe limekosa kazi. Tangu tumzike mama yake haulizi kitu. Zamani nilikuwa namwomba aninyamazie nikate kitambaa kwa amani. Sasa nakata kwa amani mpaka nimeichukia. Na wewe uliondoka msibani hata viti vya kuazima havijarudishwa, mwaka huo unaisha. Barua unaniandikia mimi, yeye hujamwandikia hata mstari.

Juzi kaniletea tangazo kalibandua ukutani. Ule ukumbi wa sinema nyuma ya soko utaonyesha picha za anga mfululizo, asubuhi mpaka jioni, picha tano. Kumbe mama yake alikuwa akimpeleka kila mwaka, wakituaga kwamba wanakwenda kwa daktari wa meno. Nikajiuliza mbona meno ya mtoto huyu hayaponi.

Mimi mara ya mwisho kuingia sinema nilikuwa sijaolewa, na mambo ya kuruka angani siyajui. Lakini kwa kuwa ameomba kitu kwa mdomo wake, nitampeleka. Mwandikie, tafadhali.

Ni mimi dada yako.


Tarehe 19 Machi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, macho yamepoa. Chumbani tuko wanne na mmoja wetu anakoroma kama mashine ya kusaga, lakini tumemzoea, akinyamaza ndipo tunaamka. Pole na mgongo.

Hilo la daktari wa meno sikulijua hata mimi. Nimecheka, halafu nikaona kwamba sina wa kumuuliza.

Kuhusu kumwandikia mtoto, usidhani sijaribu. Nakaa kitandani, naandika "Mwanangu," kisha kalamu inagoma. Ana macho ya mama yake, dada, na ile namna ya kuinamisha kichwa akikusikiliza. Nikimfikiria yeye anayenijia ni marehemu, na naogopa kumwona mtoto wangu mwenyewe. Nipe muda. Mpeleke kwenye hizo picha, mwambie baba yuko kazini.

Mdogo wako.


Tarehe 8 Aprili

Kwako mdogo wangu,

Hujambo? Sisi hatujambo, ila nimefanya kituko ambacho mtaa mzima umeshakisikia, kwa hiyo bora ukisikie kwangu mwenyewe.

Tulikwenda. Nilibeba mayai ya kuchemsha, maji, mto wa kukalia, na gauni la mteja nilitie pindo, maana kutwa nzima ya kukaa bure siiwezi. Nilisahau kwamba huwa wanazima taa. Basi nikawa nashona kwa kupapasa, huku mbele yangu watu wanaelea kama nguo kwenye beseni na roboti moja lina huruma kuliko majirani zangu wote.

Katika picha ya kwanza stelingi alikuwa baba mmoja mwenye kovu kidevuni. Chombo chao kikaharibika, akabaki ndani peke yake ili wenzake wapate kuondoka. Akafa. Enzi zetu stelingi alikuwa hafi. Nililia, sikufichi, na mwanao akanipa leso bila neno.

Sasa mimi niliposikia "mfululizo" nilijua ni hadithi moja ndefu yenye vipande vitano. Ya tatu ikaanza, mlango wa chombo ukafunguka, akatoka nani? Yule yule, na kovu lake. Nikasimama. Nikasema kwa sauti ya kuitia watu, "Kumbe hakufa!" Na mwanamke mmoja pale kwenye picha, niliyedhani ni mkewe, alipompita bila hata kumsalimu, nikamwambia, "Wewe mama, mumeo huyo, mpokee!" Ukumbi ukaangua kicheko. Nilipotaka kukaa nikaona navutwa na kitu, kumbe gizani nimelishona gauni la watu pamoja na sketi yangu.

Mdogo wangu, ndani ya kicheko kile nilisikia kimoja ambacho sijakisikia tangu msiba. Mwanao alicheka mpaka yai likampalia. Nikampiga mgongoni huku nacheka na mimi, na machozi yananitoka.

Alipopata pumzi akanieleza. "Shangazi, hii ni filamu nyingine. Mtu ni yule yule, lakini humu hamjui mke wake wa kule. Humu hata hajui kwamba ana mtoto." Nikasema haya, nimeelewa. Akamenya yai jingine polepole, kisha akasema, tena bila hasira, kama mtu anayekufundisha hesabu, "Kama baba. Hajafa. Yuko filamu nyingine tu."

 Nimeandika kama alivyosema, sikuongeza chumvi. Wanasema wataonyesha tena mwezi wa nane, shule zikifungwa.

Ni mimi dada yako.


Tarehe 27 Aprili

Dada,

Shikamoo. Natumaini mu wazima wote. Barua yako niliisomea koridoni, nikaenda kunawa uso, nikarudi nikaisoma tena. Wenzangu waliniuliza nani amefariki. Nikawaambia hakuna.

Nitakuja mwezi wa nane. Nimeshasema na msimamizi, amekubali, ameandika jina langu ubaoni kwa watakaokwenda likizo. Ndani ya bahasha kuna karatasi ya Bi Maswali. Ni maneno machache lakini nimeyaandika mwenyewe na hayakugoma: "Mwanangu, niwekee kiti. Baba."

Mdogo wako.


Tarehe 2 Agosti

Kwako mdogo wangu,

U hali gani? Huku nyumba imepata wazimu. Ile karatasi yako mtoto ameibandika ukutani juu ya kitanda, na maswali yamerudi kama mvua iliyochelewa. Baba anapenda kukaa mbele au nyuma? Baba akila mayai huwa anakula kiini kwanza? Baba akilia kwenye filamu nimpe leso au nijifanye sijaona? Nimemwambia amwulize mwenyewe, mimi si msemaji wako.

Ukumbi ukijaa watu hugombea viti, kwa hiyo amepata dawa yake. Amelitoa sandukuni lile sweta lako la kijivu uliloliacha, nimelitia kiraka kwenye kiwiko, atalitandika kitini mpaka ufike. Amelifua mwenyewe.

Kama kuna jambo huko linaloweza kukuzuia, niambie sasa, nipate kumwandaa. Usimpake mtoto mafuta kwa mgongo wa chupa. Kama hakuna, njoo, hata ukifika picha ya tatu. Mimi nimeshaahidi kutopiga kelele.

Ni mimi dada yako.


Tarehe 21 Agosti

Dada yangu,

Shikamoo. Habari za mgongo? Mimi sijambo.

Naomba radhi sana. Dakika za mwisho msimamizi alifuta ruhusa, kuna matangi yanahitajika haraka na wachomeleaji ni wachache. Nilikuwa nimeshafunga begi. Sikuwa hata na njia ya kuwapa taarifa. Mwambie mtoto kazi ndivyo ilivyo. Mwakani, Mungu akipenda, nitakuja mapema zaidi.

Mdogo wako.


Tarehe 30 Agosti

Kwako mdogo wangu,

Salamu nakupa kwa sababu ndivyo mama yetu alivyotufundisha. Wazima tupo.

Nataka nikueleze siku ile ilivyokuwa. Tulifika mapema tukapata safu ya katikati. Mimi huku, mtoto katikati, na upande wake wa pili sweta lako limetandikwa mikono yote miwili, kama mtu aliyekaa. Ukumbi ukajaa. Mkata tiketi akaja na bibi mmoja anamtafutia mahali, akaliinua sweta, akasema asiyekuwepo na lake halipo. Bi Maswali akaushika mkono wa sweta, akamwambia, "Lake lipo. Hili hapa." Yule bwana akamtazama, akalirudisha mwenyewe, akalinyoosha.

Picha ya pili mimi nikasinzia, na hilo najilaumu. Ilipoisha taa zikawashwa, mtoto akatoka kwenda kunywa maji. Aliporudi aliniamsha kwa kiwiko, uso unang'aa, akasema, "Shangazi, amka, kaa vizuri." Nikakaa vizuri. Picha ya tatu hakuitazama hata kidogo. Pazia la mlango likitikisika anageuka. Nikamuuliza anatafuta nini, akatikisa kichwa tu, anatabasamu. Baadaye akaacha kutabasamu, lakini bado anageuka. Ilipokwisha akalichukua sweta kitini, akalivaa, mikono ikamfika magotini. Kisha akamwendea yule bibi aliyekuwa amesimama ukutani, akamshika mkono, akamleta kukaa.

Njiani ndipo akaniambia. Alikuona. Ulikuwa nyuma ya pazia la mlango na begi lako la safari begani, unachungulia ndani, unakitazama kiti chenye sweta. Yeye alikuwa pale penye bomba la maji, hatua chache nyuma yako. Akasema, "Amekonda, shangazi." Akasema ulijifuta macho, kisha ukaelekea upande wa dirisha la tiketi.

Nikasimama katikati ya njia. Nikamuuliza mbona hakukuita. Akasema, "Nilidhani anakwenda kukata tiketi. Nikawahi ndani, asije akanikosa kitini."

Sasa barua yako ya msimamizi na matangi nimeitia kwenye kopo la vifungo, na hataiona. Wewe ni mdogo wangu, nimekubeba mgongoni, na najua kilichokufanya ugeuke mlangoni pale. Ulimpenda mama yake, nami nilimpenda. Nakuonea huruma na nina hasira nawe, vyote viwili kwa pamoja.

Karatasi yako ameibandua ukutani. Hakuichana, ameikunja akaiweka sandukuni. Hajauliza tena baba atakuja lini, wala hajauliza kitu kingine chochote.

Jana nilipochukua kalamu nilimuuliza nikuandikie nini kutoka kwake. Alikuwa amekaa mlangoni amelivaa hilo sweta, na jua lilikuwa kali. Akainamisha kichwa vile unavyojua.

Akasema, "Mwambie sweta nimelivaa mimi. Mle ndani kulikuwa na baridi."

Ni mimi dada yako.