Bakuli la Mama

Sendai, 9 Oktoba 2019

Babu,

Shikamoo. Goti linaendeleaje na baridi hii? Sisi wazima, ila mimi nina homa tangu Jumapili.

Usimwambie Baba. Siku jeneza la Mama lilipotoka, alinituma nikachukue bakuli lake la wali alivunje mlangoni kumuaga, asirudi tena. Nilimpa langu. Yanafanana, ila la Mama lina ufa. Nimelificha chini ya sare za shule. Nilitaka Mama ajue bado ana pa kulia, arudi.

Sasa naona aliyeagwa pale mlangoni ni mimi. Ndiyo maana homa haishuki? Baba ameuliza bakuli langu liko wapi. Nikasema shuleni.

"Shuleni mnakula kwa sahani," akasema, akaniangalia sana.

Mjukuu wako,
Honoka

Iwaki, 14 Oktoba

Mjukuu wangu,

Marahaba. Goti linalalamika kuliko mimi. Homa ipeleke kwa daktari.

Bibi yako alipofariki sikuvunja bakuli lake. Nilisema kesho, kesho, kisha kinu cha nyuklia kikalipuka, mionzi ikatutoa kijijini. Limebaki rafuni, katika nyumba nisimoruhusiwa kulala. Miaka minane sasa namwona Bibi amekaa mezani, anasubiri chakula.

Mama yako ni mwanangu, nami ningependa arudi. Lakini tarehe saba Novemba ni siku ya arobaini na tisa tangu afariki, mifupa iliyobaki baada ya kuchomwa inazikwa. Goti halitaniruhusu kufika. Mwambie baba yako kabla ya hapo, la sivyo nitamwambia mimi.

Babu yako

Iwaki, 1 Novemba

Honoka,

Hujajibu. Homa je? Sijamwambia. Nilikutisha, na nimejuta. Andika hata mstari mmoja.

Babu

Sendai, 8 Novemba

Babu,

Shikamoo. Homa iliisha wiki ile ile. Nilikuwa nimekukasirikia.

Jana, kabla ya kutoka kwenda makaburini, nilishuka na bakuli. Baba akauona ufa.

"Nilivunja la kwako?" Akakaa mlangoni na suti yake nyeusi, akanishika paji la uso kama bado nina homa.

Nikalipiga kwenye ngazi. Halikuvunjika. Lilibingirika hadi kwenye viatu vyake.

"Mbishi kama mwenyewe," akasema. Tukacheka, mpaka hatukuwa tunacheka tena. Mara ya pili tulilishika wote wawili, likavunjika.

Leo nimekula kwenye bakuli la wageni. Jumamosi nitachagua langu. Baba anasema tukipata kibali cha siku moja, atatupeleka kwa gari hadi kijijini kwako. Bibi amesubiri vya kutosha. Goti njoo nalo hivyo hivyo.

Mjukuu wako,
Honoka