Kichwa cha Nasinkoi

Misima, Handeni
4 Februari 2024

Mwanangu Yuditha,

Kabla ya salamu: kuna jambo nimekuficha. Siku mnaondoka, pale stendi ya Korogwe, ulipokwenda kuangalia mizigo ikiingizwa kwenye buti la basi, nilimwambia mwanao Nasinkoi neno. Nilikusudia kukuandikia leo, lakini mkono umegoma. Acha nikusalimu kwanza.

Hamjambo huko Denmark? Baridi je? Mimi mzima, ila kifua kinabana na miguu imevimba kidogo. Ndama wa jirani yetu, mzee Kuntai, wameingia tena kwenye mahindi yangu. Nilipomfokea akasema, "Mwalimu, hawa hawakupita darasani kwako." Anamuulizia mjukuu wangu. Anasema tangu aondoke, hakuna mtoto anayemwinamia vizuri kama yule. Kiganja chake kimekosa kichwa cha kusalimia.

Miaka minne nimemlea wakati wewe ukisoma uuguzi na kufanya kazi. Nyumba hii imekuwa kubwa. Niambie ameanza shule vipi.

Baba yako,
Lesiamon

Odense
20 Februari 2024

Baba, shikamoo.

Miguu hiyo ionwe na daktari, tafadhali. Sisi ni wazima wa mwili. Neno gani hilo, Baba? Usiniache njiani.

Nasinkoi hajazoea. Wewe unamjua: huko alikuwa akiona mzee anakimbilia kumwinamia aguswe utosini, hata mzee mwenyewe akiwa na haraka zake. Hapa mtu mzima akimkaribia anafunika kichwa kwa mikono miwili na kujikunyata. Darasani anavaa kofia, haivui, na haongei na mtu. Juzi mwalimu wake aliniita akaniuliza, kwa upole sana, kama nyumbani tunampiga. Baba, nilitamani sakafu ipasuke. Nikamuuliza mtoto, "Unaogopa nini?" Akasema, "Siogopi. Nachunga."

Anachunga nini? Wewe umefundisha watoto maisha yako yote. Nisaidie.

Mwanao,
Yuditha

Misima, Handeni
10 Machi 2024

Mwanangu, marahaba.

Nafurahi mna afya. Mimi naendelea. Lile neno lisikusumbue, ulikuwa utani wa babu na mjukuu tu.

Kuhusu mtoto, nitasema kama mwalimu. Wapo watoto wasiohamishika, ukiwang'oa, wananyauka. Usimlazimishe. Mrudishe kwangu. Maziwa yapo, shule ipo, na wazee wa kumgusa kichwa wapo tele. Wewe fanya kazi yako kwa utulivu.

Fikiria upesi.

Baba yako

Odense
15 Juni 2024

Baba, shikamoo.

Hujambo? Nauliza kwa sababu kwenye simu unanizungumzia mvua tu. Joyceline ndiye aliyeniambia amekuchukua ukae kwake Masuguru, uwe karibu na hospitali. Kwa nini habari za baba yangu nizipate kwa jirani yangu wa zamani?

Nilikuwa nimeshaulizia tiketi ya kumrudisha Nasinkoi. Nilikuamini. Halafu ikatokea hivi. Mlango wa pili anakaa bibi mmoja, Kirsten, asiyeona vizuri. Mtu akimsogelea, anampapasa ajue ni nani. Alimpapasa Nasinkoi, kofia ikaanguka, mkono ukatua utosini. Mtoto akaganda. Hakupiga kelele. Alianza kulia, taratibu, kama mtu mzima, na bibi wa watu akazidi kumpapasa akimbembeleza kwa Kidenishi.

Kesho yake alikwenda mwenyewe, akainama mlangoni.

Baba, sasa anaongea! Ananisahihisha matamshi mbele ya watu: "Mama, unasema kama unatafuna ugali." Ana rafiki. Juzi walicheka mpaka akapaliwa. Ghafla akamwacha rafiki yake, akanijia jikoni: "Mama, Babu anapumua?" Nikasema anapumua. "Leo hii?" Sasa anauliza kila akitoka kucheza. Najua anakupenda, lakini swali lile linanitisha.

Tiketi nimeachana nayo. Usinikasirikie.

Mwanao,
Yuditha

Masuguru, Korogwe
23 Juni 2024

Yuditha mwanangu, marahaba.

Salamu zangu ni fupi kwa kuwa pumzi ni fupi. Joyceline atapiga picha barua hii akutumie leo. Daktari hanifichi tena: moyo umechoka, na siku zilizobaki ni chache. Usije. Mahali pako ni hapo alipo mtoto. Nimekwisha kuwakataza Joyceline na ndugu wasimwambie yeyote wa huko kabla yako, maana habari ya kifo changu lazima aisikie kwako, na kabla ya hiyo asikie hii.

Mwambie Babu alikuwa na ugonjwa huu kabla yeye hajapanda basi. Daktari ni shahidi, nami nilimkataza asikwambie. Mwambie Babu alimdanganya. Mwambie Bibi Kirsten ana mkono mwema na Babu anamshukuru. Mwambie mara nyingi, hata akisema ameelewa. Ni mtoto wa miaka saba, na amenibeba miezi yote hii peke yake.

Uliposoma kwamba hahamishiki, hukusoma maneno ya mwalimu. Nilikuwa nataka umrudishe. Nilitaka hivyo tangu stendi.

Nilimwekea kiganja utosini. Nilisema kwa sauti ya utani, ndiyo maana alicheka kwanza. Halafu aliniangalia usoni, akaona sitanii, akaacha. Nilimwambia: "Siku utakayomwachia mkubwa mwingine akuguse hapa, ukapapenda kwao, siku hiyo mimi nitakufa."