Kwapa la Kushoto

Chumba cha Cherehani,
Nyuma ya duka la vioo,
Tarehe 9 Agosti.

Mpendwa Dada Mkubwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta unaendelea. Sisemi mzima, na kwa nini sisemi utaelewa ukiisoma hadi mwisho. Shemeji hajambo? Mguu wake umepona? Huku tunapumua. Mume wangu bado anakoroma, na watoto bado wanakula kuliko wanavyosoma. Mimi ni mgongo tu, ule ugonjwa wetu mafundi: unainama kwenye cherehani asubuhi, jioni unanyanyuka umepinda.

Utashangaa nimeandika wakati simu ipo. Kwenye simu unanitoroka, Dada. Nikikuuliza jambo unasema mtandao unakatika, au chakula kinaungua, na mwezi uliopita chakula chako kiliungua mara tatu saa ambazo hakuna mtu anayepika. Karatasi huwezi kuikatia.

Nianze na gauni la bluu. Nililikata kwa vipimo vyako vilivyomo kwenye daftari langu mwaka wa sita sasa, ukalirudisha ukisema kwapa la kushoto linabana. Ukanitania kwamba mimi Sindano wako nimezeeka, macho yamekwisha. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Nikafumua mshono, nikaongeza nusu inchi, nikailaumu chaki yangu kwamba iliteleza.

La pili, lile la maua, nililikata kwa uangalifu, nikapima kila upande mara mbili. Likarudi na kikaratasi ndani yake: kushoto lipanuliwe tena, na zipu itoke mgongoni ije mbele. Hapo kicheko kilipungua. Anayetaka zipu mbele ni mtu ambaye mkono wake haufiki nyuma, na wewe ndiye uliyekuwa ukijisuka nywele mwenyewe bila kioo. Nikajiambia ni bega, ni umri, ni ndoo za maji.

La tatu, la kijivu, ukaniomba niweke bitana nzito kifuani, upande wa kushoto tu. Nimeshona miaka ishirini na miwili na hakuna mteja aliyewahi kuniomba bitana ya upande mmoja. Niliweka, kwa sababu wewe ni dada yangu na sikulelewa kukukatalia. Wiki mbili zilizopita ukalirudisha nilipunguze urefu. Nikaligeuza ndani nje ili nipige pasi. Kwenye bitana, pale chuchu inapokaa, kulikuwa na doa la kahawia lenye ukingo wa njano. Lilikuwa limefuliwa, tena kwa nguvu, maana kitambaa kilikuwa kimechujuka kulizunguka. Nilikaa sakafuni na gauni mapajani, mteja amesimama ananisubiri, na sikumbuki nilimjibu nini.

Nina mteja ambaye ni muuguzi, mama mmoja mnene mwenye maneno makali, huwa namshonea sare. Nilimwonyesha gauni bila kusema ni la nani. Alilitazama, akachukua chaki yangu, akaanza kuchora juu ya meza ya kukatia.

“Nyie mafundi mnadhani titi ni hicho kibakuli mnachokizungushia tepu,” akaniambia. “Titi linaanzia huku chini ya mtulinga, linashuka hadi mbavuni, na lina mkia. Mkia wenyewe unapanda mpaka kwapani.”

Akachora vitone ndani ya kwapa. Hizo ni tezi, alisema, ndogo kama maharage, zinachuja maji yanayotoka kwenye titi na kwenye mkono. Kitu kibaya kikianza kwenye titi, mara nyingi hapo ndipo kinapopita kwanza. Zikivimba, nguo ndiyo inayobana kabla mwenyewe hajakiri. Sitakuficha alichoongeza: uvimbe mwingi wa matiti si saratani, tezi huvimba hata kwa jipu, na hakuna muuguzi anayeweza kusoma ugonjwa kwenye gauni. Lakini alinitupia maswali ambayo ni wewe tu unayeweza kuyajibu. Ngozi imekuwa na vishimo kama ganda la chungwa? Chuchu imeingia ndani? Majimaji yanatoka yenyewe, upande huo mmoja? Mkono umevimba? Mwisho akaniuliza, “Na mama yenu alikufa na nini?”

Nikasema kifua. Ndivyo tulivyowaambia watu msibani, kwa sababu ndivyo mama mwenyewe alivyotaka. Wewe ulikuwa na miaka kumi na tisa, mimi tisa. Wewe ndiye uliyekuwa ukiingia naye bafuni, mimi naona tu beseni likitoka limefunikwa kitambaa. Nakumbuka ile harufu. Nakumbuka alivyokuwa akiweka mkono mbali na mbavu, kana kwamba amebeba yai kwapani, huku akiwaambia majirani ni jipu litaiva lipasuke. Siku alipokubali kupelekwa, daktari alimtazama mara moja tu, akamwita baba nje.

Hujawahi kuniambia uliona nini chini ya kile kitambaa. Nami sikuuliza, tangu wakati huo hadi leo. Ndiyo maana siwezi kuamini kwamba hujui. Mwanamke mwingine angeweza kujidanganya, ila wewe umeishi na jambo hili tangu uvimbe wa kwanza mpaka siku tulipomzika. Naogopa, Dada. Leo nimejichoma sindano mara mbili kwenye mshono ambao huwa naushona nikipiga soga.

Juzi nilimpigia binti yako, nikamuuliza nani alilifua gauni la kijivu. Ni yeye. Ulimwambia umejimwagia chai. Chai humwagikia nje ya nguo, na doa lile lilitokea ndani. Akanieleza, bila kujua anachonieleza, kwamba siku hizi unafunga bafu kwa komeo, unalala umekaa, na mkoba wako umehamia bega la kulia. Alidhani umechoka na kazi. Naye mwaka huu ametimiza miaka kumi na tisa.

Kitambaa ulichotuma cha gauni la nne, lile pana la mikono mikubwa, nimekikunja nikakiweka kabatini. Sitakikata. Umenifanya nikufiche mara tatu kwa mikono yangu mwenyewe, na kwa hilo nimekukasirikia sana. Nililia, halafu nikakukasirikia tena.

Muuguzi amezungumza na mwenzake wa hospitali ya huko kwenu. Alhamisi saa tatu asubuhi wanakungoja. Watakupima kwa mkono, watakupiga picha, na watachukua kipande kidogo cha nyama kwa sindano. Huenda wakakwambia umewahi. Huenda wakakwambia neno jingine, na nitakuwa nimekaa pembeni yako watakapolisema. Nafika Jumatano kwa basi la mchana. Usihangaike kunipikia.

Nisalimie shemeji, umwambie asiukanyagie sana ule mguu. Nisalimie mkweo na yule jirani yenu fundi viatu, mwambie soli zake bado zinanibeba. Mwenyezi Mungu akushike mkono ule usiouma, na ule unaouma aushike zaidi.

Binti yako sitamsalimia kupitia kwako. Barua hii sikuitia posta. Nimempa dereva wa basi amkabidhi yeye mkononi, na jana nilimweleza yote, hata ya bibi yake. Najua hukutaka ajue. Ukiamua kunichukia, nichukie ukiwa hai. Nimemwomba akuletee chumbani, akae hapo mbele yako, asiseme neno mpaka umalize kusoma. Sasa umemaliza. Inua uso umtazame.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata ukininunia,
Sindano