Jina la Baba kwa Rangi ya Dhahabu

Gunung Rapat,
Ipoh.
14 Aprili, 2019

Mpendwa mdogo wangu Wing Hoe,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo wewe? Mkeo Suet Lin hajambo, na mtoto wenu Kar Yan anaendeleaje na kile kikohozi chake? Mimi ni mzima, ila goti la kushoto limenigomea tangu mvua zianze. Hali ya Baba nitakueleza, na hasa ndiyo iliyonifanya niandike.

Jumapili iliyopita nilimpeleka kwenye hekalu letu la pangoni kumchomea Mama ubani. Ungeliona lile pango lilivyo sasa, ungetapika. Wamefunga taa za kijani na zambarau mpaka kwenye mawe yanayoning'inia, na kila mungu anaonekana kama ameanza kuoza. Bwawa la kobe linanuka kama mchuzi uliochacha, na vikombe vya plastiki vinaelea juu yake. Kinyesi cha popo kimeachwa ngazini, lakini kibanda cha kuuzia vinyago kinang'aa. Vijiti vyetu vya ubani havikuungua hata nusu, mfagizi akavichomoa na kuvitupa ndooni. 

Hayo ningeyameza. Lakini wamevipaka upya vibao vyote vya majina ya marehemu. Cha Mama kina majina mawili: lake kwa dhahabu, na la Baba pembeni kwa nyekundu, maana aliye hai huandikwa kwa nyekundu hadi siku yake ifike. Au huko Perth umeshasahau? Basi Baba akasogeza miwani, akaliona jina lake linametameta kwa dhahabu sawasawa na la Mama. Chini yake kuna sahani ya maandazi ya mvuke, na Mama Choy, yule aliyekuwa jirani yetu, amepiga magoti analia.

"Jamani Mzee Loke, umeondoka hata kuaga hukuaga!"

Baba akakohoa. Mama Choy akageuka, akapiga yowe hadi popo wakaruka.

"Usinipigie kelele, Mama Choy," Baba akamwambia. "Kama hayo maandazi ni yangu, nipe niyale yangali na moto."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilimfuata Bwana Foong wa kamati ya hekalu, nikamkuta anachokonoa meno, nikamwambia maneno ambayo mwanamke wa umri wangu hapaswi kuyatamka mbele ya miungu.

"Dada, usinitukane mimi," akasema. "Aliyekilipia kibao ni mdogo wako wa Perth, na namba tuliyonayo ni yake. Nilimpigia mwenyewe. Nikamuuliza, tupake dhahabu wazazi wote wawili? Akanijibu, 'Wote, wote, fanyeni tu, niko kazini.' Sasa mtoto wa mtu akiniambia baba yake amekufa, mimi nani nimbishie?"

Baba alikuwa nyuma yangu, ameegemea fimbo. Aliyasikia yote.

"Ana kazi nyingi yule," alisema, kisha akaanza kushuka ngazi.

Wing Hoe, umenitia kinyaa. Sikufichi. Uvundo wa lile bwawa nilioga ukanitoka, lakini hili lako halijanitoka mpaka leo. Uliulizwa swali moja tu kuhusu baba yako, na hukuona kama linastahili dakika yako moja.

Foong alilirudisha jina kwenye nyekundu siku ile ile, mimi nikiwa nimemsimamia. Lakini tangu turudi nyumbani Baba hagusi dawa zake za presha. Nikimletea na maji ananiambia, "Marehemu hamezi vidonge, Mun Peng," halafu anacheka peke yake. Daktari amenionya kwamba akiendelea hivi kiharusi kitampiga. Nimembembeleza, nimemgombeza, hata nikasaga vidonge nikavitia kwenye uji. Aliutema, akaniangalia kwa namna ambayo sitaki kuangaliwa tena.

Msalimie sana Suet Lin, na umbusu Kar Yan. Shangazi Lai Kuen na wanawe wanakusalimu, na Mama Choy naye, ingawa bado anaona aibu kuja kwetu. Mbingu ziwalinde, ziwape afya na riziki isiyokatika.

Usitume pesa, wala usiniombe mimi radhi. Saa za huko na za huku ni zile zile, kwa hiyo huna cha kusingizia. Kila asubuhi akimaliza chai Baba hukaa karibu na simu, akijifanya anasoma gazeti. Piga, umuulize kama amemeza dawa. Mimi nikimwambia yu hai haniamini tena. Anataka kulisikia neno hilo kutoka kwako.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata leo nilivyochukia,

Loke Mun Peng