Pikipiki Isiyohitaji Barabara

Na ndiyo, Shangazi Ketty mpendwa, nilimfuata, kama ulivyonijibu gazetini mwezi wa tatu nilipokuwa bado Kitale na nikakuuliza kama msichana mwenye akili zake anaweza kufunga mizigo akamfuata mwanaume Juba, nawe ukasema nimfuate ikiwa tu ananiandikia hata siku ambazo hana jipya la kusema, basi alikuwa ananiandikia, na leo ni wiki ya tano tangu tufunge ndoa, na nakuja kwako tena kuomba msaada kwa jambo ambalo siwezi kumwambia mama kwa simu kwa sababu mama atalia.

Jambo lenyewe ni pikipiki. Usicheke. Si pikipiki ya boda boda, Shangazi, ni ile ya kusafiria nchi na nchi, ndefu hadi mimi nikikaa miguu yangu inaning'inia kama ya mtoto kwenye kiti cha mkubwa, ina tangi la mafuta kubwa kama mtungi, kioo cha kukinga upepo mbele, magurudumu yenye meno, na masanduku mawili ya bati pembeni ya kuwekea mizigo. Mume wangu Elkana ni mtunza stoo katika hoteli moja ya makontena kando ya mto, na hapo ndipo alipofikia Trevor, khawaja, ndivyo wanavyowaita wazungu huku, aliyekuja kwa pikipiki hiyo kutoka Cairo akitaka kufika Cape Town, lakini malaria ilimlaza wiki tatu na sasa anarudi kwao kwa ndege, anataka kuiuza, na anampenda Elkana kwa sababu Elkana ndiye aliyekuwa anampelekea uji.

Mwanzoni mimi ndiye niliyeitaka. Hatukuwa na fungate, Shangazi, tulifunga ndoa Jumamosi na Jumanne tukawa ndani ya basi, kwa hiyo nilipoiona nilijiona nimekaa nyuma ya mume wangu, mikono yangu kiunoni mwake, tunapita Torit, tunapita Kapoeta, tunaingia Lokichogio huku jua likitupiga usoni, tunafika nyumbani kwetu na vumbi letu wenyewe. Elkana ndiye aliyesita. Aliniambia barabara za huku si za kuchezea. Mimi nikamjibu kwa maneno ya Trevor, kwamba pikipiki kama hii haihitaji barabara, na akacheka, maana tangu tuoane hajawahi kunikatalia kitu.

Basi Jumamosi moja Trevor akatuachia tuijaribu. Tulivuka daraja kutoka kwetu Sherikat, tukapita soko la Custom watu wakigeuka kututazama, tukapita Jebel, tukaendelea na barabara hadi nyumba zikaisha. Nilikuwa naimba, Shangazi, ndani ya kofia ya chuma nilikuwa naimba. Tulipofika mahali Elkana akasema tugeuze, na kwa kuwa ni nzito nilishuka ili ahangaike nayo peke yake, na pale kando ya barabara palikuwa na mawe mazuri yamepangwa mstari kama ya shuleni kwetu, maana sisi sekondari adhabu yetu ilikuwa kupaka mawe chokaa kandokando ya njia ya kwenda ofisini kwa mwalimu mkuu, ila haya yalipakwa nusu nyeupe nusu nyekundu, nyeupe inatazama barabarani na nyekundu inatazama porini, na nyuma yake maua ya njano yamejaa hadi kwenye mti. Nikaingia kama hatua kumi nikachuma maua. Ng'ambo ya barabara walikuwapo wanawake wenye mizigo ya nyasi kichwani, wakaitupa chini wakaanza kunipungia mikono yote miwili na kupiga kelele, nikajua wanaona ni bibi harusi, nikawapungia na maua yangu. Kisha nikachukua mawe sita, matatu sanduku hili na matatu lile, nipange mlangoni kwangu, kwa sababu nyumba yetu ni ya mabati na haina hata ua moja.

Sasa sikia jinsi anavyonipenda. Jioni ile alinikuta nayapanga, akasimama. Akaniuliza, "Jael, haya umeyatoa wapi?" Nikamwambia pale ulipokuwa unageuza. Akauliza kama niliyachukua tu au nilipita nyuma yake, nikamwambia nilipita, la sivyo maua haya ningeyachuma wapi. Akakaa chini, kwenye udongo, na suruali yake ya kazini. Halafu akaniingiza ndani, akanivua viatu, akaleta beseni na kuniosha miguu, mmoja kisha wa pili, akaishika muda mrefu akigusa kidole kimoja kimoja hadi maji yakapoa, na alikuwa analia. Niambie, Shangazi, ni mwanaume gani mwingine anayefanya hivyo baada ya wiki tatu za ndoa?

Lakini tangu siku hiyo amekuwa mwingine. Yeye ambaye kila kitu kilikuwa mafi mushkila, hakuna shida, maneno ya kwanza ya Kiarabu cha Juba aliyonifundisha, hajayatamka tena. Hali chakula. Mlango ukigongwa anashtuka. Na pikipiki aliyokuwa anasita kuinunua sasa anaitaka kuliko mimi, anasema tuichukue, tufungashe, tuondoke Ijumaa hiyo hiyo Trevor anapoondoka, tusirudi, kazi ataiacha. Alitaka kuyatupa mawe yangu mtoni, nikalia, akaniachia, lakini kila asubuhi akienda kazini anayafunika na gunia, nami akishapotea nalifunua. Ameniomba nisimwambie mtu yeyote nilikoyatoa. Anasema watu wa hapa hawapendi wageni waguse vitu vya barabarani. Labda ni kweli, maana jirani yetu, Mama Nyamuoch, mzee tusiyesikizana lugha, zamani alikuwa anakatiza mlangoni kwetu akienda kuchota maji kwenye pampu, na tangu niyapange hapiti tena, anazunguka nyuma ya uzio na ndoo yake kichwani, mbali kote huko. Nadhani ananionea wivu.

Nilipokuwa naitaka mimi, pikipiki ilikuwa furaha. Sasa anaitaka yeye, na anaitaka kama mtu aliye ndani ya nyumba inayoungua anavyoutaka mlango. Naogopa kusema ndiyo na naogopa kusema hapana. Je, tuinunue?

Wako mwenye furaha nyingi na hofu kidogo,
Jael, Sherikat

* * *

Jael binti yangu,

Barua yako nimeisoma Jumatatu asubuhi na chai yangu ilipoa. Pikipiki tutaifikia. Kwanza mawe.

Kwenu mawe yaliyopakwa rangi ni mapambo. Huku ni maandishi. Watu wanaotegua mabomu yaliyofukiwa wakati wa vita ndio wanaoyapanga. Upande mweupe wamekwisha kusafisha, unaweza kutembea. Upande mwekundu bado. Uliona rangi zote mbili, ukaona hata zinakotazama, ukaniandikia mwenyewe kwa mkono wako, kisha ukaingia hatua kumi upande mwekundu kuchuma maua, na kurudi hatua kumi. Kuna mtu alikuwa anakuombea siku hiyo. Kama ni mama yako, mpigie, na umwache alie.

Wale wanawake hawakuwa wanamshangilia bibi harusi. Mwanamke hatupi chini nyasi alizokata tangu asubuhi kwa ajili ya harusi ya mgeni. Walikuwa wanakuambia usimame. Na Mama Nyamuoch hana wivu nawe. Sijui alitokea wapi kabla ya Sherikat, lakini miguu yake imesoma mawe ya namna hiyo mahali fulani, na miguu iliyosoma hayo haisahau, hata akili ikiiambia kwamba huu ni mlango tu wa jirani.

Sasa lile gumu, na nisingependa ulisome ukiwa peke yako. Mumeo anajua. Amekaa Juba kabla yako. Aliyajua mawe hayo mara alipoyaona, ndiyo maana alikaa chini. Alipokuosha miguu alikuwa anahakikisha kwamba ipo. Ni mapenzi, sikatai, huenda usiyaone makubwa kuliko hayo maishani mwako. Lakini alipomaliza kuikausha miguu yako hakuinuka kwenda kusema kwamba kuna miguu mingine. Ameogopa. Mgeni, askari, maswali, labda kufungwa, labda wewe kufungwa. Si mtu mbaya. Ni mtu mwoga anayekupenda, na woga wake umeacha pengo la mawe sita kando ya barabara ambayo watu hupita kila siku kwenda kukata nyasi na kuni. Wale wanawake walikuona, nao watapita mbali. Atakayekuja kesho hakukuona.

Mimi nilirudi kutoka ukimbizini Uganda pamoja na mdogo wangu, mwaka ule ule amani iliposainiwa. Aliacha njia kidogo ili lori lipite. Jeneza lake jepesi lilibebwa na watu wawili, na hawakubadilishana.

Barua yako nilipoimaliza nilikwenda kwenye ofisi ya wategua mabomu nikawasomea. Wametoka mara mbili kutafuta. Afisa wao aliniambia, "Mama, barabara ni ndefu na mawe ni maelfu, hata mvua huyaondoa. Bila mtu wa kutuonyesha, tutakagua mita moja moja." Nimezunguka hoteli tatu za makontena nikimuulizia Elkana wa stoo, nikaambiwa hawamjui. Nimetuma mtu Sherikat atafute mlango wenye mawe ya rangi, hakuuona. Bila shaka alipita asubuhi, kabla hujalifunua gunia.

Ndiyo maana leo sikuyaficha majina yenu, kama ninavyoyaficha ya kila anayeniandikia. Anayesoma hapa na anamjua Elkana, amfikishie gazeti hili mkononi, amsimamie hadi alimalize. Nisamehe, Jael. Au usinisamehe, lakini nenda.

Kwenda kwenyewe ni hivi. Leo ni Jumatano. Msirudi pale nyinyi wenyewe, na hasa usifikirie kuyarudisha mawe kwa mkono wako ili dhambi ifutike. Hukumbuki kila jiwe lilikaa wapi, na jiwe lililokaa vibaya linaua kuliko lisilokuwapo, kwa sababu mtu huliamini. Yatie ndani ya gunia lile lile la Elkana, mchukue boda hadi ofisini kwao, wote wawili, na mseme: tuligeuza pikipiki mahali fulani, palikuwa na mti, palikuwa na maua ya njano. Watakwenda nanyi kwa gari lao na mtaonyesha mkiwa ndani, bila kushuka. Wakiwagombeza, inamisheni vichwa. Nimewauliza kuhusu kufungwa. Wamesema wanachotaka ni mahali penyewe, si watu. Elkana akikataa, nenda peke yako. Ulikula kiapo kanisani, najua. Hakikuwa kiapo cha kunyamaza.

Utaniuliza kama kuna mtu amekwisha kupita kwenye pengo hilo. Hukuniuliza, lakini utaniuliza ukifika mstari huu. Sijui. Ofisini nao hawajui. Itabidi uishi na kutojua huko hadi watakapopakuta mahali penyewe, na kila saa mnayochelewa ni nyinyi mnaoirefusha.

Pikipiki basi. Msinunue. Si kwa sababu ni ndefu na miguu yako inaning'inia, ingawa mwanamke asiyefika chini hawezi kusaidia hata kidogo siku mumewe atakapoanguka nayo njia ya Kapoeta. Si kwa sababu hakuna fundi wa hapa atakayepata kipuri chake. Msinunue kwa sababu mlichopenda ndani yake ni kwamba haihitaji barabara, na katika nchi hii, binti yangu, barabara ndiyo uhai. Aliyewaambia hivyo anapanda ndege. Tena mumeo haitaki tena kwa ajili ya fungate. Anaitaka ili akimbie, na atakimbia nayo hadi Lokichogio, na Kitale, na kila jioni ukivua viatu atakuwa anatazama miguu yako na kuona ya mtu mwingine. Mwacheni Trevor amwuzie mwingine. Elkana akitamani magurudumu, Custom zimejaa pikipiki ndogo ambazo kila fundi anazifungua akiwa amefumba macho, na zinatosha kukuleta sokoni umekaa nyuma yake, mikono kiunoni, hata ukiimba.

Fungate yenu isubiri. Barabara zinasafishwa, polepole, mita kwa mita, na watu wanaopiga magoti. Mtafika Kitale kwa basi kwanza.

Mkishatoka ofisini, niachieni maelekezo ya nyumba yenu pale gazetini. Kabla mwezi haujaisha nitavuka daraja nije Sherikat mwenyewe. Sitabisha hodi kwanza. Nitasimama pembeni nimngoje Mama Nyamuoch arudi kutoka kwenye pampu na ndoo yake. Akikatiza mlangoni kwenu, nitaingia, mtanipa chai, na hatutalizungumza tena jambo hili. Akizunguka nyuma ya uzio, nitazunguka naye.

Shangazi Ketty