Vijiko Viwili vya Alhamisi

Alhamisi, 6 Juni

Vijiko viwili vya chai. Esperansi amefika saa nane na nusu, mzigo wa vitenge kichwani. Akautua mlangoni, akanawa mikono, akakunja mkono wa blauzi. Spiriti, kiwembe kipya, chini kidogo ya kiwiko cha kushoto. Dakika tano tu, nikamfunga kitambaa.

Nilimuuliza kwanza kama kawaida yangu: leo upo tayari? Akajibu, "Niko, yaya." Yaya kwao ni dada mkubwa. Miaka mitatu sasa, kila baada ya wiki mbili, na sijawahi kumgusa kabla hajajibu. Ndiyo sheria ya kwanza. Ya pili, anapimwa kila baada ya miezi mitatu na karatasi naiona kwa macho yangu. Ya tatu, nanywa kwa kijiko, sigusi jeraha kwa mdomo.

Kichwa kimetulia. Vidole vimepata joto. Kesho nitapiga pasi mashuka yote ya hoteli bila kukaa.

Jumapili, 9 Juni

Mhubiri leo kaingia kwenye mambo ya damu. Kwamba ni haramu kuila, kwamba uhai umo humo. Alipaza sauti kweli. Mimi nimekaa benchi la tatu na gauni langu la bluu, nimemkazia macho. Hayo ya uhai kuwamo humo ningeweza kumfundisha mimi. Sikuona aibu. Niliona upweke tu.

Jumatatu, 10 Juni

Nimesoma tena kwenye simu wale watu wa nchi za mbali walio kama mimi. Wana vikundi vyao, wanajiita vampaya, na wana kanuni za usafi na za kuombana ruhusa. Jina silipendi, lina mambo ya sinema. Lakini sina jingine. Karagwe, nilikokulia, tungesema mumiani, na hilo ndilo silitaki kabisa. Mumiani anaiba. Anakukamata njiani, anakukamua, anaenda kuuza. Mimi naomba.

Kiu ilinianza nikiwa na miaka kumi na tatu. Madaktari wawili walinipima, wakasema damu yangu ni nzuri, nina afya, labda ni mawazo. Nikijaribu kuacha, wiki tatu hazipiti kabla sijawa wa kukokota miguu na kusikia baridi juani. Damu ya mbuzi ya machinjioni hainisaidii. Nimeijaribu mwaka mzima.

Halafu mlima wa moto ukalipuka kule ng'ambo ya mpaka, Goma yote ikatukimbilia. Esperansi nilimkuta kando ya barabara na watoto wake wawili na sufuria. Sikumjua. Nikawachukua, wakalala kwangu wiki tatu, godoro nikawapa wao. Wiki ya pili nikamweleza shida yangu, nikamuomba. Akakubali palepale. Najivunia jambo hilo. Sikumficha chochote, sikumlazimisha.

Alhamisi, 20 Juni

Mama yake ameuona mkono.

Ilikuwa Jumapili, huko Bugeshi, kijijini kwa mama yake upande huu wa mpaka, wakivuna viazi. Jua likawaka, Esperansi akasahau, akakunja blauzi. Mikato kama sitini na kitu, mingine imepona, mingine bado. Mukecuru, yule bibi mzee, akadhani ni mume wa Esperansi anayemkata. Akataka kuvuka mpaka siku hiyohiyo akamshtaki kwa wakubwa wa mtaa. "Nilishindwa kuacha bwana yangu abebe hii, yaya," Esperansi aliniambia. "Nikamuambia yote."

Mama yake ananitaka Jumamosi. Niende mwenyewe, kwa miguu yangu.

Na bado nilikunywa. Naandika hivyo bila kujificha. Alichelewa kukunja blauzi, nikamuuliza upo tayari, akasema niko, nikanywa vijiko vyangu viwili.

Ijumaa, 21 Juni

Naogopa. Leo nimeunguza foronya mbili kazini, msimamizi kaniangalia tu. Naona kila kitu kitakavyokwenda: mukecuru atapiga kelele, majirani watakuja, neno mchawi litatoka kwenye mdomo wa mmoja, na likishatoka halirudi. Kazi itakwisha. Kanisa litakwisha. Nimefikiria kupanda basi nirudi Karagwe, lakini kule nina nani? Wote walishahama au walishakufa. Na Esperansi yuko huku.

Sijui kama hapo namwogopea Esperansi au naogopea damu yake.

Jumamosi, 22 Juni

Nimekwenda. Pikipiki imenifikisha mwisho wa barabara, nikamalizia kwa miguu kati ya mashamba. Kule juu baridi haina mchezo, hata saa tano asubuhi.

Nilimkuta mukecuru ameketi kwenye kigoda, anachagua viazi vya mbegu. Esperansi yuko pembeni, hanitazami. Sikupewa kiti. Nikakaa kwenye gunia. Maswali yalikuwa mafupi: tangu lini, mara ngapi, kiasi gani, nasikia nini nisipopata. Nikajibu yote kwa Kinyarwanda. Nilisubiri kelele. Hazikuja.

Akauliza, "Na yeye amekunywa yako?"

Nikasema hapana. Sikuelewa hata swali linatoka wapi.

Ndipo akakasirika. Akatupa kiazi kilichokuwa mkononi. Miaka mitatu, akasema, unakula kwa mtu na kwako hujawahi kumkaribisha. Kunywa damu ya mtu si ajabu kwake, baba yake alinywana na mwanamume wa Masisi na yeye mwenyewe akiwa mtoto aliona kwa macho yake. Wanachanjwa karibu na kitovu, kila mmoja anakunywa ya mwenzake, anayesimamia anatamka kiapo. Toka siku hiyo ni ndugu, na ndugu wa namna hiyo hawasalitiani, na mmoja akiomba jambo mwingine hawezi kumkatalia. Akikataa, kile kiapo kinamuua. Kiapo chenyewe kinaitwa igihango. Yalikuwa mambo ya wanaume, alisema, lakini wewe uliyaanza bila kumuuliza mtu, basi utayamaliza.

Siku ni Jumamosi ya tarehe 6 Julai, na kabla ya hapo nisiguse mkono wa mwanaye. Nisipokuja, atakwenda kanisani kwangu na atasimama mbele ya watu.

Nikasema nitakuja. Na ukweli wangu ni huu: nilipokuwa nashuka nilifurahi. Hawezi kukukatalia. Nililirudia neno hilo njia nzima. Nilikuwa nakwenda kupoteza kila kitu, nimetoka na damu ya maisha yangu yote.

Jumatatu, 24 Juni

Esperansi kanipigia kutoka Goma. Kazungusha maneno sana, watoto hawajambo, vitenge vimeshuka soko, mume anakohoa. Mwisho akasema polepole, "Na we yaya, karatasi yako iko?"

Sina.

Ndani ya kopo la biskuti nina karatasi kumi na mbili za Esperansi, zimepangwa kwa tarehe. Ukimwi, homa ya ini, kaswende. Mara moja alichelewa wiki moja kuleta na nilimnunia. Mimi mwenyewe sijapimwa magonjwa hayo hata siku moja, kwa kuwa nani angekunywa yangu? Wazo lenyewe halikuwahi kunijia. Nikamwambia nitakwenda kesho.

Jumanne, 25 Juni

Wamenitoa damu, chupa ndogo. Niligeuza uso. Muuguzi kaniuliza kama naogopa sindano, nikasema sijazoea. Majibu Ijumaa.

Alhamisi, 27 Juni

Nimekuwa nikikumbuka kila nilichowahi kufanya. Mwanamume mmoja wa zamani, jino lililong'olewa sokoni Karagwe, wembe wa kuazima. Kama nina kitu, siwezi kumpa, na mukecuru hatasikia habari ya karatasi. Sili vizuri.

Ijumaa, 28 Juni

Sina ugonjwa. Nilitazama karatasi mara nne. Nikampigia Esperansi, akasema, "Mungu asifiwe," akakata simu. Nilitegemea furaha zaidi.

Alhamisi, 4 Julai

Alhamisi yangu na hakuna mtu mlangoni. Leo ni wiki mbili kamili. Kichwa kinagonga, magoti yamelegea, nimevaa sweta mbili. Nimejilaza saa nane na nusu nikisikiliza hatua za wapita njia. Nina hasira na mukecuru. Keshokutwa tu.

Jumamosi, 6 Julai

Niandike kwa utaratibu.

Mukecuru alikuwa ametandika mkeka mpya. Bakuli la maziwa, majani mawili ya mti wa umuko, kiwembe. Nilidhani nitakuwa mtulivu, maana katika nyumba ile ni mimi fundi wa kazi hiyo. Basi alipokiweka kile kiwembe karibu na kitovu changu nilianza kutetemeka hadi meno yanagongana. Ikabidi aseme nishikwe. Esperansi ndiye aliyenishika mabega. Inauma. Inauma kupita nilivyowahi kufikiri, na mkato wenyewe ni wa ukucha. Mikato sitini na kitu, na Esperansi hajawahi kuvuta hata pumzi kwa nguvu.

Damu yangu ikakingwa kwenye jani na maziwa kidogo. Akainywa. Niliuona uso wake, umekunjamana, macho yamelowa. Akameza kwa tabu, akajifuta mdomo kwa ncha ya kitenge. Kuna mtu amenimeza. Nilitaka kulia na sikujua ni kwa sababu gani.

Kisha nikanywa yake. Mukecuru akatamka: ukimsaliti, kikuue, akikuomba ukamnyima, kikuue. Tukaitikia wote wawili. Akatupa viazi vya kuchemsha, tukala.

Esperansi alinisindikiza. Tulipofika kwenye njia ya kati ya mashamba akasimama.

"Yaya, niko na kitu naomba."

Nikamwambia omba, ndugu yangu. Nilikuwa nimejaa upendo, nilikuwa tayari kumpa nyumba.

"Usininywe tena."

Nilidhani sijasikia vizuri. Akaendelea, anatazama chini, maneno yanatoka moja moja. "Siku ile ya kwanza nilikuwa mu nyumba yako. Watoto wangu walikuwa wanalala ku godoro yako. Uliniuliza kama niko tayari. Ningejibu je?"

Nikamuuliza kwa nini hakusema miaka yote hii. Nilisikia sauti yangu imepanda.

"Nilikuwa mugeni, yaya. Kila Alhamisi nilikuwa mugeni. Sasa tuko sawa, sasa naweza kukuambia. Mi nilichoka."

Upepo ulikuwa mkali, tumesimama pale kama watu wanaosubiri gari. Nilitafuta neno la kumrudisha. Nilikuwa nayo mengi, nimeyazoea: kichwa changu, magoti yangu, baridi. Lakini nilikuwa nimeapa nusu saa iliyopita, na tumbo langu lilikuwa bado linachuruzika chini ya kitambaa.

Nikasema ndiyo.

Jumapili, 7 Julai

Nina hasira. Sikwenda kanisani. Wamenitega, mama na mwana, wamekaa wakapanga. Nilikwenda kule kuchukua na nimerudi mikono mitupu, na kidonda juu.

Jioni. Hapana. Nimefungua daftari hili na lile la mwaka jana, nikatafuta kila Alhamisi. "Niko, yaya." "Niko, yaya." Kila mahali niko. Hakuna hata siku moja aliyofika akasema anataka. Nilijiandikia kwamba naomba, nikajisifu. Nilimuomba mwanamke aliyekuwa hana pa kulala, nikiwa nimesimama kwenye mlango wa chumba.

Mumiani angalau anajua anachofanya.

Jumatano, 10 Julai

Nimekwenda kazini. Nimetoka saa nne, nikatapika. Nikarudi nikamaliza mashuka.

Jumapili, 14 Julai

Wale wa kwenye simu wanasema tafuta mwingine, wapo wanaopenda wenyewe. Labda kwao wapo. Nimeifuta ile programu. Sitamtafuta mwingine kwa sasa, maana sijui bado namna ya kuuliza.

Alhamisi, 18 Julai

Sikumtegemea. Saa nane na nusu kabisha hodi, mzigo wa vitenge kichwani, na sambaza, vile visamaki vya ziwani, mkononi ndani ya mfuko. Nikabaki nimeshika mlango. Akasema nimpishe, samaki wataoza.

Tumezikaanga, tumekula na ugali. Alikuwa amevaa blauzi ya mikono mifupi, na mimi sikutazama, halafu nikatazama. Mikato inafifia. Ameniuliza najisikiaje, nikamwambia ukweli: vibaya. Hakuomba radhi na hakusema nitapona. Alinimiminia chai nyingine, akatia sukari nyingi.

Baadaye akajinyoosha kwenye mkeka, eti dakika tano tu, akalala. Miaka mitatu ya Alhamisi hajawahi kusinzia ndani ya nyumba hii. Alikuwa akinywa maji yake, anafungwa kitambaa, anaondoka. Leo kalala mdomo wazi, mkono mmoja umeanguka nje ya mkeka, karibu na mguu wangu.

Nilikuwa na kiu sana. Nilikaa kwenye kiti nikakunja nguo zangu zilizokauka, moja moja, taratibu ili nisimwamshe. Saa kumi nikamgusa bega, awahi bariyeri ya mpakani kabla foleni haijawa ndefu.